Umri wa kustaafu na ukomo wa pensheni inayodhaminiwa na serikali Marekani

Kampuni inapofilisika na mfuko wake wa pensheni ukakosa fedha, wastaafu wa Marekani hukimbilia PBGC, shirika la serikali linalodhamini pensheni za makampuni binafsi. Shirika hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Haliendeshwi kwa kodi za wananchi, bali kwa ada za bima zinazolipwa na mifuko yenyewe, mali za mifuko iliyofungwa na faida ya uwekezaji.

Hata hivyo dhamana hiyo ina ukomo, na ukomo huo hupanda au kushuka kufuatana na umri.

Viwango kwa umri

Kipimo ni miaka 65. Kwa mifuko ya kampuni moja moja iliyofungwa mwaka 2025, ukomo kwa mwezi kwa mstaafu asiyemwachia mwenzi wake pensheni ni huu:

- Miaka 55: dola 3,344.32 (asilimia 45)
- Miaka 60: dola 4,830.68 (asilimia 65)
- Miaka 62: dola 5,871.14 (asilimia 79)
- Miaka 65: dola 7,431.82 (asilimia 100)
- Miaka 70: dola 12,336.82 (asilimia 166)

Sababu yake ni kwamba anayeanza mapema hulipwa kwa miaka mingi zaidi. Akichagua mwenzi wake aendelee kulipwa baada ya yeye kufariki, ukomo hupungua tena.

Umri unaotumika ni ule mkubwa kati ya umri wa mtu siku mfuko ulipofungwa na umri anaoanza kulipwa. Hivyo aliyestaafu akiwa na miaka 60, lakini mfuko ukafungwa yeye ana miaka 68, huhesabiwa kwa miaka 68.

Nani anaumia?

Ukomo si kiasi ambacho kila mtu atapewa. Kwa viwango vya 2025, anayestahili dola 2,000 kwa mwezi akiwa na miaka 60 haguswi na ukomo huu. Anayestahili dola 6,000 katika umri huo hupoteza dola 1,169.32 kila mwezi.

Waliolionja hili kwa uchungu ni marubani. Mfuko wa marubani wa US Airways ulifungwa mwaka 2003, na wa United Airlines ukafuata. Wakati huo sheria ya anga ilimtaka rubani wa shirika la ndege aache kazi akifikisha miaka 60. Kwa mifuko iliyofungwa mwaka 2003, ukomo wa miaka 65 ulikuwa kama dola 43,977 kwa mwaka, lakini wa miaka 60 ulikuwa dola 28,585 tu. Yaani serikali iliyowazuia kuendelea na kazi ndiyo hiyo hiyo iliyowapunguzia dhamana kwa kustaafu mapema. Bunge la Marekani lilirekebisha kasoro hiyo kwa sheria ya pensheni ya mwaka 2006, na Desemba 2007 umri wa marubani ukapandishwa hadi miaka 65.

Madereva wa malori

Madereva wengi wa malori walio katika vyama vya wafanyakazi wako kwenye mifuko inayochangiwa na waajiri wengi. Huko dhamana haipimwi kwa umri, bali kwa miaka ya kazi: kiwango cha juu ni dola 35.75 kwa mwezi kwa kila mwaka wa utumishi. Aliyeendesha lori miaka 30 hawezi kudhaminiwa zaidi ya dola 12,870 kwa mwaka. Ndiyo maana mfuko wa Central States ulipokaribia kukauka, serikali iliuidhinishia msaada wa takriban dola bilioni 36 Desemba 2022.

La kuzingatia

Mwenye pensheni ya kampuni Marekani ahakikishe kwanza mfuko wake ni wa aina gani na kama unadhaminiwa na PBGC. Kama ni wa kampuni moja na hali ya kampuni inatia shaka, asiamue kustaafu mapema kabla ya kulinganisha fao lake na ukomo wa umri huo.