Kaole kwa laki saba, Kolo kwa laki tatu: familia ya Singida iende wapi?

Alizeti imeuzwa, shule zinafungwa Juni, na watoto wanataka kuona bahari. Ni haki yao. Lakini kutoka Singida mjini hadi pwani ni karibu kilomita 700, na sehemu kubwa ya pesa ya safari hii huliwa barabarani kabla hujagusa maji ya chumvi. Kwa hiyo anza na nauli. Kiingilio cha magofu kitakuumiza kidogo sana ukilinganisha.

Hesabu zangu ni za familia ya watu wanne: baba, mama na watoto wawili wa umri kati ya miaka 4 na 12. Nauli za basi nimezikokotoa kwa viwango elekezi vya LATRA vya Desemba 2023, yaani shilingi 48.47 kwa kilomita ya lami kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Nauli za treni ya SGR ni zile iliyoanza nazo mwaka 2024. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Gharama za kulala na kula ni makadirio ya familia inayotaka kitanda safi na chakula cha kushiba, basi.

Basi la kawaida moja kwa moja hadi Dar es Salaam ni kama 34,000 kwa kiti, hivyo watu wanne ni 136,000 kwa kwenda tu. La daraja la kati ni kama 47,500, na kwa wanne inafika 190,000. Ipo njia ya tatu ambayo wengi hawaipigii hesabu: basi la kawaida hadi Dodoma, kilomita 240 hivi kwa kama 11,600 kila mmoja, kisha SGR hadi Dar kwa 31,000 mtu mzima na 15,500 mtoto. Jumla kwa wanne ni 139,400.

Angalia vizuri hapo. Ukiwa na watoto, treni inakuzidishia shilingi 3,400 tu juu ya basi la kawaida, na inakuokolea zaidi ya 50,000 ukilinganisha na basi la daraja la kati. Siri ni nusu nauli ya mtoto. Basini konda anahesabu kiti, na mtoto anayekalia kiti mara nyingi hulipiwa kama mtu mzima. Wawili wasio na watoto hesabu yao ni nyingine: basi ni 68,000, treni ni 85,200. Hao wapande basi na chenji waile samaki.

Treni nayo ina gharama ambazo haziandikwi kwenye tiketi. Stendi ya mabasi ya Dodoma na stesheni ya SGR haziko pamoja, kwa hiyo kuna bajaji au teksi katikati. Basi la Singida likichelewa, treni haikungoji, na hapo utalipia chumba na chakula cha usiku mmoja Dodoma ambavyo hukuvipanga. Kata tiketi ya treni inayokuachia saa kadhaa za nafasi. Beba kitambulisho. Mizigo pia ina ukomo: mwenye madumu ya asali na kuku wa kupelekea ndugu Dar apande basi tu.

Sasa tuje kwenye kinachonunuliwa. Kwa familia inayokwenda pwani kwa mara ya kwanza, chaguo langu ni Bagamoyo na kijiji cha Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji. Kaole ina magofu ya msikiti wa karne ya 13, mwingine wa baadaye, na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo. Mikoko iko hapo hapo. Bagamoyo mjini kuna Ngome Kongwe, Caravanserai walikopumzika wapagazi, boma la Wajerumani lililojengwa 1897, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868. Ni katika misheni hiyo mwili wa mmisionari na mpelelezi Livingstone ulilala usiku mmoja Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara kwa miguu. Vyote hivi unavizunguka kwa siku mbili, vingi kwa miguu yako mwenyewe.

Na mtoto wa Singida ana sababu yake ya kwenda Bagamoyo. Barabara ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka hapo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Kilimatinde, leo wilaya ya Manyoni, ikaendelea Tabora hadi Ujiji. Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya Unesco mwaka 2006, na Kilimatinde imo pamoja na Bagamoyo. Anachokiona pale ni mwanzo wa barabara iliyopita mkoani kwao.

Ukienda kwa basi, huhitaji kuingia Dar kabisa. Shuka Chalinze, panda gari la Msata, kisha la Bagamoyo. Lami ipo njia nzima. Kwa umbali, nauli ya Singida hadi Chalinze ingekuwa kama 28,600, ila mabasi mengi yatakuambia ulipe ya Dar. Bishana wakati wa kukata tiketi, maana ukishapanda huna nguvu. Fika Chalinze mchana, kwa kuwa jioni magari ya Msata hupungua na dereva wa teksi anajua huna pa kwenda. Anayekuja na treni atafika katikati ya Dar na kutafuta daladala za Bagamoyo, umbali wa kilomita 70 hivi.

Pesa ya Bagamoyo hutoka kidogo kidogo. Misheni ni mali ya Kanisa, kwa hiyo kiingilio chake ni tofauti na cha magofu ya serikali. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini onyesha kitambulisho kwanza. Malipo ya serikali yana namba ya malipo na risiti. Anayetaka fedha mkononi bila risiti, mpite. Kijana atakayekufuata mtaani akijiita mwongoza watalii, patana naye bei ya familia nzima, siyo ya kichwa, kabla hajaanza kusimulia. Samaki wa ufukweni uliza bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Hoteli za ufukweni nyingine hutoza kuingia. Ufuko wa wavuvi hautozi.

Kitu kingine kisichouzwa lakini kinaweza kukuharibia siku ni maji kupwa. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, na bahari ikipwa inarudi mbali, inaacha tope. Waulize wavuvi jioni ya siku unayofika maji yatajaa saa ngapi kesho, kisha panga magofu wakati wa kupwa na kuogelea wakati wa kujaa. Kwenda Kaole kwa kufuata ufuko kwa miguu sikushauri. Bodaboda au bajaji ni usalama wa kununua.

Jumla yangu: usafiri wa treni na basi kwenda na kurudi 278,800, daladala za Bagamoyo 28,000, vyumba viwili vya gesti kwa usiku tatu 150,000, chakula 150,000, viingilio, mwongozaji na bodaboda 50,000, akiba 40,000. Ni karibu laki saba, na karibu nusu ni nauli.

Kilwa Kisiwani ni kubwa kuliko Kaole, hilo halina ubishi. Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa na ngome ya Gereza vimo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na msafiri Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331. Lakini kutoka Dar unaongeza kilomita 300 hivi, ambazo kwa wanne kwenda na kurudi ni kama 116,000, na mabasi ya kusini huanzia upande mwingine wa jiji, mbali na stendi ya Mbezi unakoshukia ukija kwa basi. Ongeza usiku mbili na mashua. Kukodi mashua peke yako ni ghali. Panda na wenyeji wanaovuka, au subiri wageni wengine mgawane. Mwaka 2024 mvua zilikata barabara eneo la Somanga, kwa hiyo msimu wa masika usijaribu. Hesabu laki tisa hadi milioni. Kwa wawili wanaopenda historia, inafaa. Kwa watoto wadogo na mfuko mfupi, hapana, siyo mwaka huu.

Ukiwa na laki tatu, usikope ili uione bahari. Nenda Kolo, wilaya ya Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kupitia Babati ni kama kilomita 240, lami, takriban 12,000 kwa kiti. Mtafiti Mary Leakey alinakili michoro hii mwaka 1951. Kuna watu wembamba, twiga, tembo. Gharama iliyojificha ni moja na ni nzito: maeneo ya michoro, kama Mungomi wa Kolo, yako mbali na barabara kuu, njia ni mbaya, na mwisho kuna mlima wa kupanda. Patana gari au bodaboda ya kwenda, kusubiri na kurudi, kwa bei moja. Lazima uwe na mwongozaji kutoka ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, na Mungomi bado ni mahali pa matambiko, kwa hiyo fuata anachokuambia. Lala Kondoa, gesti ni nyingi.

Chini ya laki moja, usitoke mkoani. Mawe makubwa na maji ya maziwa ya Singidani na Kindai ni bure, na ukipata msimu wa heroe utawaona bila kulipa mtu. Usiwaache watoto wanywe maji yale, ni ya chumvi. Kilimatinde ni safari ya siku: basi hadi Manyoni, kisha bodaboda. Ilikuwa kituo cha Wajerumani, na kutoka ukingoni unatazama bonde la Bahi chini yako. Usitegemee kukuta mtoa tiketi wala bango. Omba mzee wa kijiji akuonyeshe, na umpe ahsante yake. Maji na chakula beba kutoka Manyoni.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye laki saba mkononi, zisizo za ada wala mbegu, aende Kaole kwa treni na akate tiketi mapema kabla ya likizo ya Juni. Mwenye laki tatu aende Kolo likizo hii. Mwenye laki nne asizinyooshe zifike Bagamoyo. Aende Kolo, na laki inayobaki aiweke kwa ajili ya nauli ya bahari mwakani.