Marehemu na Mzimu: Lugha na Suala la Nafsi Baada ya Kifo

Je, mtu akifa, nafsi yake huendelea kuwa yeye yule, au hubaki jina tu midomoni mwa walio hai? Huko Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ambako Wamakonde, Wayao na Wamakua huunganishwa na Kiswahili, lugha yenyewe hutoa mahali pa kuanzia.

Maneno roho na nafsi yana asili ya Kiarabu, na yamejengewa maana na Uislamu na Ukristo. Edward Steere, askofu na mtaalamu wa Kiswahili, ndiye aliyewapeleka Masasi watumwa waliokombolewa mwaka 1876. Katika dini zote mbili, kila mtu atahukumiwa kwa matendo yake. Kwa hiyo hana budi kubaki yule yule. La sivyo, hukumu ingemwangukia asiyehusika.

Mzimu, kwa upande wake, ni neno la Kibantu, lenye mzizi mmoja na midimu ya Kimakonde, yaani vinyago vya kuvaa usoni vichezwavyo katika sherehe za jando na unyago. Kimila, mchezaji hufunikwa asitambulike, na asiyepitia jando huambiwa kuwa aliyekuja ni mfu. Kijana akishapitia jando hujua kuwa ndani ya kinyago yumo mtu wa kijijini. Siri hiyo haivunji ngoma, kwani kinachodumishwa ni uhusiano wa ukoo na wafu wake.

Sarufi nayo ina jambo la kusema. Husemwa marehemu amezikwa, lakini mzimu umekasirika. Kutoonekana si sababu, maana husemwa pia malaika ameshuka na jini amempanda. Wala umbo la neno si sababu pekee: mitume, ingawa lina kiambishi mi-, huchukua upatanisho wa watu. Hata hivyo, sarufi si ushahidi wa kutosha wa imani. Husemwa nafsi imetulia, ingawa nafsi ndiyo inayoaminiwa kuwa mtu mwenyewe.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alitumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwa maoni yake, mfu hubaki na nafsi yake maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wakishatoweka hao, huzama katika zamani na kuwa mmoja wa wengi. Nadharia yake ya wakati imepingwa na wengi, lakini inaeleza vyema tofauti iliyopo kati ya marehemu na mizimu.

Hata hivyo, jina laweza kudumu bila mwenyewe. Matola alikuwa mkuu wa Wayao huko Newala katika karne ya 19. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika nchi hiyo mwaka 1906, alimkuta Matola mwingine. Cheo na heshima vilihamia kwa mrithi. Kumbukumbu za aliyezikwa hazikuhamia.

Basi swali lililoulizwa ni maswali mawili. La kwanza, je, yupo bado anayejijua kuwa ni yeye? La pili, je, wapo bado wanaomjua? Mila ya vinyago na majina hujibu la pili, nayo hitima na misa huelekezwa kwa la kwanza. Ndiyo maana familia moja yaweza kumwombea babu na papo hapo kumpa mjukuu jina lake, bila kujipinga.