Zimwi la Macho ya Kijani: Nani Analilisha?

Huenda umewahi kumsikia mtu akisema kuwa mwenzake kavamiwa na "green-eyed monster", yaani zimwi lenye macho ya kijani. Usihangaike kulitafuta, ni wivu tu huo! Lakini kwa nini macho yawe ya kijani?

Aliyeueneza msemo huu ni William Shakespeare. Katika mchezo aliouandika miaka ya 1590, ule ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, tayari wivu una macho ya kijani. Zimwi lenyewe likaja kwenye Othello, mchezo ulioonyeshwa mbele ya mfalme jijini London tarehe 1 Novemba 1604. Zama zile Waingereza waliihusisha rangi ya kijani na uso wa mgonjwa. Mwenye wivu, kwa macho yao, alikuwa mtu anayeumwa.

Sasa sikia kituko. Anayemwonya Othello ajihadhari na zimwi hilo ni Iago, na kumbe ndiye huyo huyo anayemjaza maneno! Anamwambia eti mkewe, Desdemona, anatoka na Cassio. Ushahidi? Leso, zawadi ya kwanza Othello aliyompa mkewe. Desdemona aliidondosha, Iago akaipata, akaenda kuiacha chumbani kwa Cassio. Othello alipoiona mikononi mwa Cassio, basi tena. Akamuua mkewe. Alipokuja kumuuliza Cassio aliipataje leso ile, Desdemona alikuwa ameshakufa.

Siku hizi leso ni simu ya mkononi: namba isiyo na jina, ujumbe wa saa sita usiku. Na kina Iago nao wapo, wale wanaoanza na "mimi sipendi kuingilia mambo ya watu, ila..."

Wengi husema wivu ni dalili ya mapenzi. Sawa, kidogo si mbaya. Ila ukiona unapekua simu, unafoka, au mkono unataka kunyanyuka, ujue hapo hakuna mapenzi tena, zimwi limeshashiba. Kaa na mwenzio, muulize kwa upole, tena umsikilize mpaka amalize. Na yule aliyekuletea habari, jiulize: yeye anafaidika nini nyie mkiachana?