JOTO LA SUFURIA LISIPOTEE BURE

Ukisahau kijiko cha chuma ndani ya uji unaochemka, kitakuunguza utakapokishika. Mwiko wa mti uliokaa katika uji huo huo hautakuunguza. Kwa nini? Joto hupita upesi katika chuma, lakini katika mti hupita polepole. Sufuria za alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1000 kuliko mti. Ndiyo maana zinachemka haraka, na ndiyo maana zinapoa haraka zikitolewa motoni.

Blanketi nalo hupitisha joto polepole, kwa sababu limeshika hewa iliyotulia ndani yake. Wengi husema blanketi lina joto. Sivyo. Linazuia tu joto la mwili wako lisitoke. Basi sufuria nayo inaweza kufunikwa blanketi!

Fahamu jambo hili: maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuyazidishii joto. Yanageuka mvuke tu. Kuni unazochoma saa zote zinazofuata ni za kurudisha joto linalotoroka. Ukilizuia, maharage yataendelea kuiva bila moto.

Fanya hivi:

1. Loweka maharage usiku kucha, kisha mwaga maji hayo.
2. Weka maji mapya, funika, na uchemshe kwa nguvu dakika 30. Usipunguze muda huu, kwani maharage yasiyochemka vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha.
3. Tandika majani makavu ndani ya kapu au boksi, unene wa kiganja kila upande. Yakilowa hayafai, maji hupitisha joto upesi kuliko hewa.
4. Pangusa makaa yote yaliyoshika sufuria. Kaa moja laweza kuchoma nyumba.
5. Weka sufuria iliyojaa ikiwa bado inatokota, funika kwa blanketi, na usifunue kwa saa 4. Kila ukichungulia, joto linatoka.
6. Kabla ya kula, chemsha tena. Chakula kilichokaa vuguvugu huzalisha vijidudu.

Weka kapu mbali na moto, na mahali watoto hawafiki.

Nilipojaribu nyumbani mara ya kwanza, mama alicheka akasema tutalala njaa. Jioni tulikula maharage laini. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha majirani.

Akina mama na mabinti, ninyi mnajua njia ya kuni: umbali wake, mzigo wake, na hatari zinazowakuta huko porini. Kapu hili halitamaliza safari hizo, lakini litazipunguza. Akina baba, kukata majani na kusuka kapu si kazi ya mama peke yake.

Ukitaka kuona linavyotengenezwa, muulize mhamasishaji wa afya wa bloku yako. Tutakuja kukuonyesha.