NANI ANALIPIA SOMO LA DAKTARI?

Daktari aliyefunga vitabu vyake siku alipopokea shahada ni khatari kwa mgonjwa. Maradhi hubadilika, na tiba iliyosifiwa miaka 20 iliyopita huenda leo imekwisha kuachwa. Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka sharti kwamba daktari aendelee kujifunza ndipo leseni yake ihuishwe. Sharti hilo tunaliunga mkono kwa dhati. Lakini tunauliza: somo hilo nani analilipia?

Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Kampuni ya dawa inayokodi ukumbi, ikagharimia nauli na posho, kisha ikamchagua na mhadhiri, haitoi sadaka. Inataka jina la dawa yake lije kwenye kalamu ya daktari siku atakapomwandikia mgonjwa. Hatimaye mlipaji khasa ni mvuvi wa Mkoani au mkulima wa karafuu wa Wete, anayeandikiwa dawa ghali yenye jina kubwa, ilhali ipo ya bei nafuu ifanyayo kazi ile ile.

Haya si maneno ya kubuni. Huko Marekani, mwaka 1996, kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni dawa kali ya maumivu iitwayo OxyContin. Kufikia mwaka 2001 ilikuwa imeendesha mikutano zaidi ya 40 ya mafunzo, na kuwagharimia kila kitu madaktari, wafamasia na wauguzi zaidi ya 5,000. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba iliinadi dawa hiyo kwa udanganyifu, ikidai kuwa uraibu wake ni mdogo kuliko wa dawa nyengine za aina hiyo. Wakati huo nyumba nyingi zilikwisha kuingia msiba.

Nchi hiyo ililazimika kujirekebisha. Baraza linalotoa ithibati kwa mafunzo ya madaktari, lililoundwa mwaka 1981, lina kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022. Kila mtayarishaji na mhadhiri hutakiwa kutaja mahusiano yake yote ya fedha na makampuni kwa miezi 24 iliyopita, na wasikilizaji huarifiwa kabla ya somo kuanza. Aidha, kwa sheria ya mwaka 2010, malipo ambayo makampuni huwapa madaktari yamekuwa yakitangazwa hadharani tangu mwaka 2014, hata ya chakula.

Tuliosoma chuoni tunakikumbuka kisa cha mkusanya zaka aliyerejea kwa Mtume (S.A.W.) akatenga fungu la umma, na fungu jengine akasema amezawadiwa yeye. Aliulizwa iwapo zawadi hizo zingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Suala hilo linamhusu kila aliyekabidhiwa kalamu ya kuwaandikia wagonjwa.

Wako watakaosema kwamba bajeti ni finyu, na tukiyafukuza makampuni madaktari wetu watakosa mafunzo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, hatusemi fedha zikataliwe. Tunasema ziingie katika mfuko mmoja unaosimamiwa na chombo cha umma, na anayezitoa asiwe na kauli juu ya nini kifundishwe wala nani afundishe. Wala kutaja maslahi si kukiri kosa. Ni kumpa msikilizaji mizani ya kupimia anachoambiwa.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wanaohusika wahakikishe kwamba semina isiyotaja mfadhili wake haipewi ithibati, na anayeihudhuria hapati alama za kuhuishia leseni. Na Serikali itenge fungu, hata kama ni dogo, kwa mafunzo yasiyofadhiliwa na muuzaji yeyote.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 visiwa hivi vilitangaza matibabu kuwa haki ya kila mwananchi. Haki hiyo haikamiliki ikiwa mgonjwa anapewa karatasi ya dawa bila ya kujua ni elimu au ni bahasha iliyoiandika.