KIPIMO CHA HEWA NA PETROLI: MWENYE GARI ACHAGUE KIPI?

Watu wengi wanunuapo kipimo cha kutia ndani ya gari huvutwa kwanza na sura yake: taa za rangi, mshale mwekundu, tarakimu zing'aazo usiku. Katika kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, uso huo ndio wenye thamani ndogo. Kinachonunuliwa hasa hukaa chini ya gari, ndani ya bomba la moshi, nacho ni kijiti cha chuma chenye kauri ndani yake, kiitwacho sensa ya oksijeni.

Kazi ya sensa hiyo si ya uchawi. Gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa ili vyote viungue pasipo kubaki kimoja. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito. Gari hula fedha ya nyumbani, plagi huwa nyeusi, na oili huoshwa katika kuta za silinda. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi. Huo ndio wa kuogopwa zaidi gari linapovuta mzigo mlimani, au injini inapokuwa na turbo, kwa maana joto hupanda, injini huanza kugonga, na pistoni yaweza kutoboka kabla safari ya Kampala hadi Entebbe haijaisha.

Je, kila mwenye gari anakihitaji? La. Gari la kisasa ambalo halijaguswa lina kompyuta na sensa yake, nalo hujirekebisha lenyewe. Fedha hiyo afadhali inunue matairi. Kipimo kinamfaa yule mwenye gari la kabureta, au yule aliyebadilisha turbo, bomba la moshi au vipulizia petroli, kisha fundi akabaki kukisia kwa sikio na pua.

Tuseme sajini fulani ana pikapu ya kabureta iliyotengenezwa vizuri Mombasa, usawa wa bahari. Akihamishiwa Kampala, penye mita 1,200 hivi juu ya bahari, uzito wa hewa umepungua kwa sehemu moja katika kumi na zaidi kidogo, lakini jeti za kabureta ni zile zile. Akipelekwa Kabale, karibu mita 2,000, mambo huzidi. Gari hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, naye huambiwa na kila gereji kwamba injini imekufa. Kumbe injini ni nzima, ni petroli iliyozidi.

Sasa, madukani kuna vipimo vya namna mbili, na hapa ndipo wanunuzi hupotea. Namna ya kwanza hutumia sensa ya kizamani, ambayo Bosch ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1976 na Volvo wakawa wa kwanza kuitia katika magari yao. Sensa hiyo hutoa umeme wa karibu volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito na 0.1 ukiwa mwepesi, nayo huruka ghafula kati ya hizo mbili. Yajua kusema "umezidi" au "umepungua", lakini haijui kusema kwa kiasi gani. Kipimo chake chenye taa za kijani na nyekundu ni pambo tu, hata kikiuzwa kwa bei rahisi namna gani.

Namna ya pili ni ya upana mkubwa, iliyoenea tangu miaka ya 1990. Sensa yake ina nyaya tano au zaidi na pampu ndogo ya oksijeni ndani ya kauri, hivyo yaweza kutaja namba kamili, tangu 10 hadi 20 kwa vipimo vingi. Ndiyo ya kununuliwa. Muuzaji aulizwe jina la sensa. Bosch LSU 4.9 ni chaguo jema, nayo ni mpya kuliko LSU 4.2, ambayo vipimo vyake vingi hudai kusawazishwa katika hewa safi mara kwa mara. Aulizwe pia kama sensa huuzwa peke yake, maana ni kitu cha kuisha kama plagi. Plagi ya waya za sensa isikatwe kamwe, kwa sababu ndani yake mna kipingamizi kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa ile ile.

Kipimo kikiweza kuonyesha lamda, ni vizuri zaidi. Lamda 1 ni mchanganyiko kamili kwa mafuta yoyote, hata petroli iliyotiwa alkoholi, ambayo hutaka hewa pungufu ya ile 14.7.

Katika kufunga, sensa iinamishwe kidogo, isilale wala isitazame juu, ili maji yasituame ndani yake. Kwenye gari la turbo ikae baada ya turbo. Bomba likiwa na tundu kabla ya sensa, hewa ya nje huingia na kipimo husema uongo kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Plagi isiyowaka huleta uongo ule ule. Sensa isiachwe ndani ya bomba bila umeme injini ikifanya kazi, kwa maana masizi yataiua. Petroli yenye risasi nayo huiua, lakini nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006.

Gari likitembea taratibu, namba karibu na 14.7 inatosha. Likikanyagwa mafuta yote, injini ya kawaida hupendezwa na 12.5 hadi 13, na ya turbo 11 hadi 12. Dereva asisome namba hizo mwenyewe: mwenzake akae kando na kuandika, kisha kabureta iguswe gari likiwa limesimama.

Baada ya miezi, sensa ifunguliwe bomba likiwa limepoa, kisha iwashwe katika hewa safi mbali na moshi. Kipimo sharti kipande hadi mwisho wa upande mwepesi. Kisipopanda, sensa imechoka.