Umaskini wa Manchester Haukuwa Majaliwa

Wako watu wasemao kwamba mtaa mchafu ni kazi ya watu wachafu, na kwamba maskini hufa mapema kwa uvivu na ulevi wake. Maneno hayo si mageni. Yalisemwa sana Uingereza katika karne ya 19, na mji wa Manchester ulikwisha kuyajibu.

Mwaka 1801 mji huo ulikuwa na watu wapatao 75,000. Kufikia mwaka 1851 walizidi 300,000. Viwanda vya pamba viliwaita watu kutoka mashambani na kutoka Ireland, nao wakaja. Lakini waliowaita kazini hawakuwaandalia makao. Wenye viwanja walijenga nyumba zilizopeana migongo, zisizo na dirisha la nyuma wala njia ya kupitisha hewa. Na waliokosa hata hizo waliishi katika vyumba vya chini ya ardhi, vyenye giza na unyevu. Choo kimoja kilitumiwa na nyumba nyingi. Kodi ilidaiwa bila kukosa. Mtaro haukuchimbwa, kwa kuwa mtaro hauleti kodi.

Mwaka 1842 Edwin Chadwick, mtumishi wa serikali, alitoa taarifa juu ya afya ya wafanya kazi. Alionyesha kwamba katika jamaa za vibarua wa Manchester wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 17, maana watoto wengi mno walizikwa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika Rutland, wilaya ya wakulima, wastani wa vibarua ulikuwa miaka 38, ingawa ujira wa shambani ulikuwa mdogo kuliko wa kiwandani. Twauliza: ni uvivu gani huo umpatao mtu siku anapohamia mjini? Tena wakubwa wa Manchester na jamaa zao, wastani wao ulikuwa 38 vilevile, sawa na kibarua wa Rutland. Fedha ziliwanunulia nyumba nzuri. Hazikuwanunulia hewa nyingine.

Dawa ilijulikana: maji safi, mitaro, na sheria yenye nguvu. Hata hivyo Sheria ya Afya ya mwaka 1848, iliyopitishwa kwa hofu ya kipindupindu, haikuilazimisha miji mingi kutenda neno. Mwaka 1858 joto lilizidisha uvundo wa mto Thames hata ukaingia ndani ya Bunge, London. Ndipo fedha za mitaro mikuu ya mji huo zilipopatikana upesi. Sheria ya mwaka 1875 ndiyo iliyozifunga halmashauri zote wajibu wa mitaro na maji. Maskini walikuwa wamenusa uvundo ule kwa miaka mingi, wala pua zao hazikuhesabiwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo watu zaidi ya bilioni moja duniani wanaishi katika mitaa ya mabanda, na bado wako wanaowahukumu kwa maneno yale yale ya zamani. Sisi twasema: aonaye mtaa wa namna hiyo, kabla ya kumlaumu akaaye humo, na aulize kwanza kodi yake hupokewa na nani, na mtaro wake ulikuwa wajibu wa nani.